Kijiko cha Mkwe

Marcella, msichana wetu wa kazi, alipopata kazi ya kulea mgonjwa kule Riyadh, mke wangu ndiye aliyemsomea mkataba. Alimsomea kwa simu kutoka Ireland, kifungu baada ya kifungu, akamkataza kutia sahihi mpaka waandike siku yake ya kupumzika na kwamba pasipoti atakaa nayo mwenyewe. Wakaandika. Marcella akarukaruka kwa furaha jikoni kwangu hapa mtaa wa Majimbo, Embu, akafunga begi akaenda, na mama mkwe wangu akabaki bila mtu wa kumlisha.

Mke wangu huyo ndiye Daktari Kananu. Si daktari wa sindano, ni wa sheria ya kazi. Tangu tuoane amekuwa akiandika juu ya wanawake wanaoacha mama zao nyumbani wakaenda kulea mama za watu wengine, na mwaka juzi chuo kimoja huko Ireland kilimwita akaandikie kwao. Nikiwa na hasira huuambia ukuta, maana mwenyewe hayupo, kwamba utafiti huo angeufanyia chumba cha pili kushoto, alimolala mamake, akaokoa nauli. Nikiwa sina hasira, hamu yake hunikaba. Natamani hata zile kelele zake za kusahihisha karatasi za wanafunzi, "ala!" na "hapana, hapana!", zilizokuwa zikinifukuza sebuleni.

Mama mkwe namwita Cucu, yaani nyanya, kama amwitavyo mwanangu Muthomi aliye shule ya bweni. Ni mkulima wa waru, yaani viazi, kutoka Kibirichia. Mwaka jana kiharusi kilimpiga, mkono wa kulia ukapooza, tukamleta Embu kwa sababu baridi ya kwao ingemmaliza. Mimi ni ofisa wa mifugo. Nimewanywesha dawa ng'ombe wenye vichwa vigumu kuliko chifu. Lakini kumlisha mama mkwe? Kwao na kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe akitafuna, sembuse kumtilia chakula mdomoni. Sote ni watu wa kanisa, ila heshima hiyo hatukuiacha mlangoni tulipobatizwa.

Mama Gichovi wa nyumba ya pili alikubali kuja asubuhi na jioni kumwogesha. Chakula kikabaki changu. Siku ya kwanza niliweka bakuli kwenye stuli, nikatoka. Cucu alijaribu kwa mkono wa kushoto, uji ukaishia shingoni. Siku iliyofuata akasema ameshiba kabla sijafungua chupa ya uji. Basi nikavuta kiti, nikakaa kando yake macho yakiwa dirishani, nikaanza kupeleka kijiko kwa kukisia.

"Baba Muthomi," akasema, "hiyo ni masikio."

Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Tangu hapo akawa ananiongoza: juu kidogo, ngoja nimeze, sasa leta. Yeye hunena Kimeru, mimi Kiembu, tukikwama tunakutana kwenye Kiswahili. Huuliza kama mvua imefika Kibirichia na ni nani anapalilia waru zake. Kisha huuliza habari za Kananu, na sote wawili tunabaki tunatazama dirisha.

Kananu hakujua lolote. Nilimwambia tumepata msichana mwingine, mzuri sana, kutoka Mbeere. Muda wake huko ulikuwa unaisha na chuo kilikuwa kimemwomba aongeze miaka mitatu, naye hakuwa amejibu. Nilijua neno moja tu juu ya mamake lingempandisha ndege. Lakini sikutaka arudi kwa sababu ya uji. Nilitaka arudi kwa sababu yangu, tena bila kuombwa, na kila jioni niliyoshika simu nilingoja aseme.

"Mko sawa?" huwa anauliza.

"Tuko sawa kabisa."

Jioni moja alinisimulia juu ya mama mmoja kutoka Kangeta anayelea mzee huko Ireland. "Akimwosha, akimlisha, hizo masaa analipwa. Lakini akikaa tu kungoja aitwe, boss anasema hiyo si kazi. Si kazi, Njue! Na hawezi hata kutoka nje!"

"Ni kazi," nikasema.

"Wewe umejuaje?"

Nilikuwa nimekaa nje ya mlango wa mamake, nikingoja aniite. Nikamwambia mimi pia husoma makala zake. Kisha nikampitishia Cucu simu, nikamsikia akimwambia kwa Kimeru kwamba yule msichana anapika vizuri, na kwamba asiwe na wasiwasi, akae huko afanye kazi yake. Nilidhani anaficha aibu ya kulishwa na mkwe. Nikamshukuru kimoyomoyo.

Jumamosi Cucu alilala mchana. Alipoamka akaita, "Kananu, niletee maji." Nikayapeleka. Aligeuka akitabasamu, akaniona ni mimi, na tabasamu likaondoka usoni. Niliujua ule uso. Ndio ninaokuwa nao kila geti likilia na kumbe ni mtu wa maziwa.

Nilitoka barazani nikapiga simu bila kungoja jioni.

"Njue? Mami ana nini?"

"Mami yuko sawa. Ni mimi siko sawa. Hakuna msichana, Kananu. Tangu Marcella aende, ni mimi namlisha, na hiyo tumezoea, usije kwa sababu hiyo. Kuja kwa sababu nakutaka hapa. Hii nyumba imenishinda bila wewe. Hiyo kazi iache."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Nilisaini jana, miaka mitatu," akasema. Sauti yake ilikuwa imelowa machozi. "Kila jioni nilikuuliza kama mko sawa, nikangoja uniambie hapana. Mami naye akasema nikae. Nikaona mmeshazoea nikiwa mbali."

"Si wewe ndio unajua sheria? Contract si huvunjwa?"

"Huvunjwa. Lakini yule mama wa Kangeta na wenzake wamekubali kwenda kortini, kwa sababu jana niliwaahidi nitakuwa nao mpaka mwisho. Nikitoka sai, watafutwa kazi wakiwa peke yao. Niambie niwaache, Njue. Niambie."

Sikuweza. Alilia, nami nikalia huku nimeupa mtaa mgongo, mpaka akasema ana kikao na lazima aoshe uso.

Niliporudi ndani mlango wa Cucu ulikuwa wazi. Alikuwa amesikia upande wangu wote.

"Amekataa?" akauliza.

"Hajakataa, Cucu. Nilichelewa kumwomba."

Mkono wake mzima ukavutavuta shuka.

"Hata mimi," akasema.