Bomba la Chumba Namba Mbili

Jumatatu saa nne asubuhi Somoe alikuwa akipiga deki jukwaa la ukumbi mmoja wa muziki huko Chang'ombe, Theonest akaingia na rasimu ya kibao kipya cha ukutani, cha historia ya ukumbi. Theonest, meneja mwenye miezi minne tu kazini, akaisoma kwa sauti: mwaka wa kujengwa, viti mia sita, vyumba vitatu vya wasanii, viongozi wa bendi kumi na mmoja. Wote wanaume.

"Na Yasmini?" Somoe akauliza.

"Yupi huyo, mama?"

Ati yupi! Dada yake Somoe, aliyelifungua jukwaa hilohilo, akaimba miaka kumi na tisa, akafia chumba namba mbili akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Shida nafasi, mama. Waimbaji walikuwa wengi."

Somoe akabeba ndoo. Akaenda chumba namba mbili kuchota maji, akafungua bomba. Maji hayakutoka. Ilitoka sauti ya Yasmini, inaimba. Somoe akafunga, akafungua tena. Ndoo kavu.

Akaitwa Nurdin, fundi bomba. Aligonga paipu, akasikiliza mpaka ubeti ukaisha.

"Bomba ni zima, bosi. Nikibadilisha koki, huyu atahamia chooni."

"Basi mwache hapohapo," Theonest akasema.

Tangu hapo Somoe hakutulia. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Mara tatu kwa siku alikwenda ofisini, na shikamoo ya Theonest akaiitikia palepale mlangoni, hataki hata kiti.

"Si unamsikia mwenyewe, bosi?"

"Namsikia, mama. Anaimba vizuri sana."

Ijumaa kibao kikapigiliwa ukutani. Jina la Yasmini halimo. Ila chini, kwenye huduma za ukumbi, baada ya jenereta na maegesho, pameongezwa mstari: bomba linaloimba. Kumbe nafasi ilikuwepo! Somoe alikisoma tena mpaka mwisho, halafu akaitwa kupanga viti.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Bibi harusi na wasimamizi wake walipiga picha kando ya bomba, wakarudi ukumbini. Somoe akabaki anafuta sinki. Sauti ikakatika katikati ya ubeti.

"Somoe, wameniandika?"

Hakuwahi kumdanganya dada yake, hata utotoni.

"Wamekuandika, dada. Jina la kwanza kabisa, juu."

Yasmini akacheka kidogo, akaendelea na wimbo. Somoe akabeba ndoo, akaenda kuchota maji bomba la nje.