Ufunguo Mwekundu wa Honoré

Gari la kaka yangu Honoré bado liko uani, katika parseli yetu ya Nyalukemba, chini ya turubai la buluu, na bado linauzwa. Philémon, komisioneri tuliyempa kazi ya kutafuta mnunuzi, hutuma picha za gari hilo kwenye WhatsApp kila anaposikia kuna mtu mwenye pesa mjini. Ni Dodge Challenger, gari la Kimarekani la milango miwili, jeusi, la silinda nane. Liliingia Bukavu kwa boti kutoka Goma, na siku liliposhushwa bandarini wabeba mizigo walitua magunia yao ili walitazame.

Honoré alikuwa akinunua dhahabu Shabunda na kuiuza hapa mjini. Gari hilo lisingeweza kufika Shabunda, na hata Walungu, iliyo karibu zaidi, halikufika, maana tumbo lake liko chini mno. Kila Jumapili baada ya misa alilaza mbao juu ya mfereji ulio mbele ya lango letu, akalitoa taratibu kama mtu anayebeba mayai, akapanda nalo kwenye lami mpaka katikati ya mji, akarudi. Basi. Jirani yetu Maman Colombe alikuwa akichungulia juu ya ukuta na kumtania kuhusu petroli, "Kaka Honoré, hiyo gari inakula essence kupita vile wewe unakula bugali, na hata Kadutu hapa mjini haijafika." Honoré alicheka, akaendelea kulifuta vumbi.

Alikufa akirudi kutoka Shabunda, nyuma ya pikipiki ya kukodi, kwenye matope. Walioshuhudia walisema pikipiki haikuwa hata inakimbia. Iliteleza tu, na lori likawa linakuja.

Kabla ya kufunga jeneza, mama yetu Euphrasie aliomba aletewe funguo za gari. Zilikuwa mbili. Mweusi ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na ndio Honoré aliotumia kila Jumapili. Mwekundu ulikaa katika mfuko wa shati lake, karibu na moyo, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akiutumia. Hatukuwahi kumuuliza. Nyumbani kwetu marehemu hupewa kitu alichokipenda, asije akarudi kukitafuta. Mama aliona mambo kwa urahisi: mweusi ndio unaendesha gari, ubaki, mwekundu ni wa urembo, uende naye. Aliuweka katika kiganja chake cha kuume, akamfunga vidole, kimoja baada ya kingine. Sote tuliona kwamba ni vizuri. Hata Tonton Zagabe, mdogo wake marehemu baba, alisema amina.

Miezi michache baadaye mama alinionyesha uvimbe kwenye titi. Alikuwa ameuficha tangu kabla ya msiba. Daktari alimpasua, kisha akaniita pembeni, akanieleza kwamba sasa mama anahitaji kuchomwa kwa mionzi, na mashine hiyo haipo hapa. Alitaja Kigali. Aliniambia tusikawie. Benki zilikuwa zimefunga milango tangu vita vilipoingia mjini, na kitu pekee cha thamani tulichobaki nacho kilikuwa chini ya turubai.

Philémon alileta watu. Wengi walikuja kupiga picha wameegemea mlango. Mmoja aliuliza kama linaweza kupakia saruji, na Philémon akamjibu kwamba linaweza, mradi saruji yenyewe ifunge mkanda. Mama alikuwa amekaa barazani na blanketi lake; siku ile alicheka, nami nikaanza kuamini kwamba tutavuka mpaka.

Ndipo akaja Nathanaël, mfanyabiashara wa dhahabu aliyemfahamu Honoré tangu Shabunda. Hakupiga picha. Alilizunguka gari, akaketi kwenye usukani, akaliwasha kwa ufunguo mweusi, na madirisha ya nyumba yetu yakatetemeka. Alizima, akatoka, akanyoosha mkono kwangu kama mtu anayenidai kitu.

"Bintu, na ile nyekundu iko wapi?"

Nilimwambia tunao huu tu. Akanieleza kwa subira, kama mtu asiyetaka kuniaibisha. Gari hili lilitengenezwa likiwa na funguo mbili. Ukiliwasha kwa mweusi, linajifungia nguvu zake nyingi ndani. Ukiliwasha kwa mwekundu, linazitoa zote, nguvu za farasi zaidi ya mia saba. Gari kama hilo watu hulinunua kwa ajili ya ule mwekundu. Kuagiza mwingine kunawezekana, lakini wanaotengeneza wanamtaka mwenye gari mwenyewe, na kitambulisho chake.

Mjini kwetu hakuna barabara ya kukimbiza hata nusu ya farasi hao. Nilimwambia hivyo.

"Najua," alisema. "Lakini nikiwa ndani nataka nijue kama iko nazo. Gari zingine niko nazo nyumbani."

Mama alikuwa amesikia yote. Kutoka barazani alisema kwa sauti ya kawaida kwamba ufunguo mwekundu uko mkononi mwa Honoré. Philémon alitazama viatu vyake. Nathanaël alivua kofia, akampa mama pole kwa heshima, na nilipomsindikiza langoni aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mukiipata, muniite. Sitauliza imetoka wapi."

Tonton Zagabe alikuja kesho yake. Alikuwa ameshazungumza na mlinzi wa makaburi. Alisema mtoto amekufa na udongo ni udongo, lakini mama huyu yuko hai, na Honoré mwenyewe angekuwa wa kwanza kushika koleo. Alisema padri hatakataa akielezwa. Kila alilosema nilikuwa nimeshalisema moyoni usiku kucha.

"Zagabe," mama alisema, "mutoto wangu alikufa mu njia, hakuna mutu alimushika mukono. Ile mukono nilifunga mimi. Nani ataenda kuifungua?"

Tonton alisema ataenda yeye.

"Vidole vyake vitakatalia. Utavivunja?"

Mama akanigeukia.

"Na weye, Bintu. Minataka kukusikia."

"Nataka ubakie, maman."

"Nikibakia, kila nikikuangalia nitajua ni mukono ya kaka yako njo ililipa. Na weye utakuwa unajua. Tutakula pamoja namna gani?"

Tonton alisimama, akavaa koti lake, akaondoka bila kuaga. Mimi nilibaki nimemkasirikia mama. Nililia jikoni nikipika, na nilipompelekea chakula sikumtazama usoni.

Mvua zilianza. Titi halikupona, na maumivu yakahamia mgongoni. Alasiri moja aliniomba nimpeleke ndani ya gari. Nilivua turubai, nikamketisha kwenye kiti cha pembeni, nikapanda upande wa pili na kuliwasha kwa ufunguo mweusi. Hatukwenda popote. Maji yalikuwa yamechukua mbao za Honoré, na mfereji ulikuwa wazi. Mama aliweka kiganja kwenye dashibodi mbele yake, pale mngurumo ulipokuwa unapita.

"Hii njo nusu?"

"Ndiyo, maman."

"Nusu nyingine iko naye," alisema, na akaniambia nizime, tusimalize essence ya watu watakaolinunua.

Alikufa kabla ya Pasaka. Tulipata nafasi kando ya Honoré, na wachimbaji walipokuwa wakichimba, ukuta mmoja wa shimo jipya ulibomoka kidogo kuelekea upande wake. Unene wa udongo uliobaki kati yao haukuwa mkubwa. Tonton Zagabe aliuona, nami niliuona. Watu walipoanza kutawanyika alibaki amesimama pale karibu na makoleo.

"Bintu," alisema polepole, "sasa hakuna mutu wa kukataza."

Ni kweli, hakuwapo. Wala hakuwapo tena mtu wa kupelekwa Kigali.

"Twende nyumbani, tonton," nilimwambia, na wachimbaji wakaendelea kujaza udongo.