Safari ya Kumrudisha Nanyama

Mimi Nafuna si mtu wa kubembelezwa, na watu wa mtaa wetu wa Kongo, huku Kawangware, wanalijua hilo. Gichuru, mtoto wa mwenye ploti ninayopanga, alipomchukua binti yangu Nanyama wakaenda kuishi pwani bila kuleta hata kuku mgonjwa, nilisema waziwazi uani: huyo si mkwe wangu. Nilisema hivyo mwaka wa 1994, na mwaka wa 1996 nilikuwa bado nasema. Majirani walichoka kusikia, mimi sikuchoka kusema.

Nanyama naye ana kichwa kigumu, sijui alikitoa wapi. Siku moja alinipigia simu dukani kwa Kavoi, nikaitwa mbio.

"Mathe, kuja Jumamosi uone soko yetu," akasema. "Uone venye tunaishi na Gichuru. Ukishaona, na ukisema bado huyu si mkwe wako, napanga nguo zangu tunarudi na wewe. Sitabishana."

"Unaapa?"

"Naapa. Lakini kwanza uone."

Nikafunga kibanda changu cha mitumba pale soko la Toi, Kibera, nikapanda basi na begi kubwa tupu la kubebea nguo zake. Sikumwambia nitafika saa ngapi. Mtu anayeenda kuchukua mali yake hapigi hodi mara mbili.

Mchangani, huko pwani walikohamia, ni mji mdogo, barabara moja ya mchanga na nyumba za makuti. Nanyama alinikuta kituoni, maana habari huko zinatembea haraka kuliko wageni, akanishika mkono tukashuka pamoja. Ndipo nikaiona bahari.

Maji mengi niliyoyazoea ni ya Nairobi Dam, na pale ukisimama upande wa Kibera unaiona Lang'ata vizuri. Haya hayakuwa na ng'ambo. Yalikwenda, yakaenda, mpaka yakageuka mbingu, na bado yalikuwa yanapumua. Begi lilinitoka mkononi. Nilimwita Mungu kwa Kibukusu, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

"Inaisha wapi?"

"Haiishi, mathe. Hata mimi niliuliza hivyo."

Soko lenyewe lilikuwa chini ya minazi. Mimi ni mtu wa soko, lakini soko la namna ile sikuwa nimeliona. Toi usipopiga kelele unalala njaa. Hapa muuzaji alikuwa ameketi anapiga gitaa, na mnunuzi alikuwa amelala karibu naye akimsikiliza. Mama wa Kigiriama alisuka mikeka. Mzee wa Kizungu mwenye nywele hadi kiunoni alichora picha za samaki wasioliwa popote. Hakuna aliyevaa viatu, na hakuna aliyeonekana kuwa na pa kwenda.

Kilichonimaliza kabisa ni bibi mmoja wa Kizungu, bangili hadi viwikoni, aliyekuwa akiuza magauni yake mwenyewe aliyoyavaa akayachoka. Miaka yote nikifungua bale za nguo kuukuu za ng'ambo pale Toi, sisi wachuuzi tuliamini wenye nguo walishakufa huko kwao. Sasa huyu hapa, mzima, ananiwekea gauni lake kifuani kuona kama litanikaa. Nilimgusa mkono kuhakikisha. Ulikuwa na joto. Akacheka, nami nikacheka kama mtoto, nikasahau kwa kitambo kwamba nilikuwa nimekuja kwa hasira.

Meza ya Nanyama ilikuwa mwisho, karibu na maji. Aliuza sketi za viraka, kiraka juu ya kiraka, zile rangi ambazo kwa kawaida hazipatani zikipatana. Alijifunzia miguuni pangu, kwa vitambaa vilivyochanika nilivyomtupia achezee. Wanawake walizijaribu palepale mchangani, wakazunguka, sketi zikafunguka. Nilijivuna mpaka nikaona aibu.

Kando ya sketi kulikuwa na vioo vilivyozungushiwa mbao zilizotupwa na bahari, zimesuguliwa zikalainika. Sikuuliza ni kazi ya nani. Ilikuwa kazi safi, na iliniudhi kuwa safi.

"Sasa mathe, umeona," Nanyama akasema. "Unasemaje?"

"Nimeona bahari. Nimeona Mzungu wa mitumba akiwa hai. Mkwe sijaona. Panga nguo."

Hakubishana. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja sketi moja baada ya nyingine. Aliapa, na nilimlea asivunje neno. Moyo uliniuma kumtazama, lakini nikaukaza.

Hapo ndipo mtu alipopiga mluzi kutoka majini. Nikageuka. Mwanamume alikuwa anatoka baharini akivuta gogo kwa kamba, kaptura tu mwilini, kifua wazi, anachuruzika maji na kucheka. Alikuwa Gichuru. Alidhani nitafika na basi la jioni.

Sijui nilifikaje nyuma ya mnazi. Nilijikuta nimechuchumaa katikati ya mikeka ya yule mama wa Kigiriama, leso kichwani hadi kidevuni, mgongo nimeipa bahari. Nyuma yangu nilisikia gogo likianguka, kisha miguu ikikimbia kurudi majini.

Kwetu Wabukusu mama hamtazami mkwe wake akiwa nusu uchi. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Lakini hayo ni ya mkwe. Mwanamume mwingine yeyote wa Kongo akioga uani, mimi nampita nikimwambia asinimwagie maji.

Nanyama akaja, akachuchumaa kando yangu, akafunua ncha ya leso. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Mathe, unajificha nani?"

"Jua. Jua la huku ni kali."

"Jua liko mbele yako, mathe."

Nikashika ncha ya mkeka, nikajifanya naukagua.

"Kama si mkwe wako," akasema polepole, "si usimame umwangalie?"

Haki ya Mungu, nilijaribu. Niliyaagiza magoti yangu yainuke, yakakataa. Nilitafuta ile hasira niliyoibeba kutoka Kawangware, nikakuta sina. Mdomo ulikuwa umekataa miaka miwili, na mwili haukuniuliza hata neno moja.

"Mama yako anaumwa?" yule mama wa mikeka akauliza.

"Haumwi," Nanyama akamjibu. "Ameona mkwe wake."

Sikumkanusha. Bahari ilivuma nyuma yangu, kubwa vilevile.

"Bado yuko majini?" nikauliza.

"Yuko, mpaka shingoni, ametupa mgongo. Nilimfunza mambo yetu siku ile tulifika huku. Hawezi kutoka kama uko hapa, mathe. Atakaa huko mpaka usiku."

Nilivuta leso, nikaikaza vizuri usoni.

"Mpelekee shati," nikamwambia. "Mwambie atoke asije akashikwa na homa. Mwambie mama mkwe wake amefumba macho."