Rubisi ya Kumshukuru Adelgunda

Kibuyu kilipasuka lori likipanda mlima wa mwisho kabla ya Kayanga, mapajani mwa Kokuhirwa, mbele ya watu wote. Kililia kama bunduki. Rubisi, pombe ya ndizi, ikamrukia mzee wa Ihanda aliyekuwa ameketi juu ya gunia la kahawa, ikamlowesha ndevu.

"Mama, mimi nilishabatizwa zamani," mzee akasema, huku akijilamba mdomo. "Lakini maji ya padri hayakuwa na utamu huu."

Lori zima likacheka. Kokuhirwa hakucheka, maana kosa lilikuwa lake. Kibuyu cha rubisi huzibwa kwa nyasi, pombe ipate kupumua, kwa kuwa bado iko hai. Yeye, kwa kuogopa mashimo ya barabara, alikiziba kwa gunzi akalikaza kwa kamba ya mgomba. Kashaija mumewe alimwonya, akamjibu kwamba wanaume hawajui safari za vibuyu. Sasa pombe imekosa pumzi, imejitafutia mlango.

Na haikuwa rubisi ya kunywa tu. Vita vya mwaka wa sabini na nane vilipowatoa yeye na mumewe Mabira, walitembea na wajukuu mpaka Bugene, mahali wasipokuwa na ndugu. Mwanamke aitwaye Adelgunda, asiyewajua hata kwa majina, aliwapa chumba, akawaonyesha migomba yake akasema, "Kateni mle." Wakakaa pale mpaka amani iliporudi. Jambo kama hilo kwao halishukuriwi kwa maneno matupu. Unapeleka rubisi iliyokanyagwa nyumbani kwako, unaionja wewe kwanza mbele ya mwenyeji, kisha unamwambia, "Hii imetoka kwetu." Kila mwaka kilitokea kizuizi, mara ukame, mara msiba. Mwaka huu ndizi zilikubali, na Kashaija alizikanyaga mwenyewe, licha ya goti lake lililovimba. Adelgunda alikuwa akimngoja Kokuhirwa jioni ile, na lori la kurudi lilikuwa la asubuhi yake.

Kokuhirwa alishuka na kitako cha kibuyu mkononi. Ndani yake yalibaki mashapo, kiasi cha kikombe, meusi kwa sababu Kashaija hukaanga mtama wa pombe kama mtu anayekaanga kahawa. Tangu waoane mkewe anamsema, na tangu waoane hasikii. Akayafunika kwa jani la mgomba.

"Kayanga hii nzima itakosa rubisi ya maana?" akajiuliza.

Klabu ya kwanza ilikuwa karibu na soko, yenye kelele na redio. Akaomba kuonja. Ilikuwa maji yaliyopita karibu na ndizi. Ya pili ilikuwa na sukari. Ulimi ulishikana na meno.

"Mnakanyagia wapi?" akamuuliza muuzaji.

"Bibi, wewe unakunywa au unakagua?"

"Nilitaka kunywa, mwanangu, ndiyo maana nimekagua."

Akatoka, akaacha kusikiliza kelele, akaanza kutazama nyuma ya nyumba. Anayetengeneza rubisi mwenyewe hawezi kuficha nyasi alizokanyagia ndizi. Hutupwa nje, na nyuki huzijia. Alitembea njia ya Bugene mpaka akaona rundo bichi la nyasi linavuma nyuki. Mbele ya nyumba wazee walikuwa wamekaa kimya na mirija yao, kama watu walioko kanisani.

Mwenye klabu aliitwa Hategekimana, mtu mzima aliyekuja kutoka Rwanda akiwa kijana. Alimwamkia shikamoo, akampa aonje. Kokuhirwa alifumba macho. Hii ilikuwa rubisi. Ilichoma kidogo, ikaacha utamu wa ndizi nyuma ya koo.

"Ni nzuri," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Lakini siwezi kusema imetoka kwetu."

Akamweleza yote. Hategekimana akafunua lile jani, akanusa mashapo.

"Nani ameunguza mtama hivi?"

"Mume wangu."

"Mpe pole." Akacheka. "Mimi nilipovuka mto, mama, nilipokewa na watu wa huku. Sikujua niwashukuru vipi, sikuwa na mgomba hata mmoja. Lete hayo mashapo. Tuyatie ndani ya yangu, yakae mpaka jua lishuke. Yataiamsha upya, na nyumba yenu itakuwemo."

Jua liliposhuka akamjazia kibuyu chake mwenyewe, akakiziba kwa nyasi, akakataa malipo. "Kibuyu nirudishie kesho ukipita."

Jioni, sebuleni kwa Adelgunda, Kokuhirwa alionja kwanza kama ilivyo desturi. Hakuweza kumdanganya mwanamke yule.

"Dada, chetu kilipasuka njiani. Nyingi ya hii ni ya Hategekimana wa barabarani. Mashapo tu ndiyo ya kwetu."

Adelgunda alinyoosha mkono. Akapokea, akanywa funda moja, akanywa la pili. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Kashaija bado anaunguza mtama," akasema, akifuta macho kwa khanga. "Alipopika hapa wakati ule, marehemu mume wangu alisema tunakunywa masizi. Na akamaliza mtungi. Imetoka kwenu hii, dada. Ningeijua gizani."

Wakanywa, wakawataja wajukuu mmoja mmoja, wote wazima, wakalitaja na goti la Kashaija.

Asubuhi Adelgunda alikishika kile kitako cha kibuyu, akakijaza maharage, maana chombo hakirudi kitupu.

"Mwambie Kashaija goti likipoa aje mwenyewe," akasema. "Na wewe, dada yangu, siku hiyo uzibe kwa nyasi."