Mtende wa Bimdogo Wapata Kazi

Jumamosi asubuhi Bimdogo alikwenda shambani na ndoo yake ya maji aliyooshea vyombo, akakuta mtende haupo. Pamebaki shimo, na alama za mizizi iliyojiburuta mpaka barabarani. Mtende huo aliupanda marehemu baba yake kabla hawajahamia Unguja. Aliporudi kwao Ibra mwaka sabini na mbili, hakukuta kingine chochote kilichokuwa chao.

"Umefuata maji," alisema jirani yake Marhoun akipita, wala hakusimama. "Weye ulitaka ufuate nini?"

Haya, mtu atabisha? Falaj, ule mfereji ulionywesha mashamba yote, ulikauka tangu ilipowekwa mashine kubwa ya kuvuta maji kule juu, ya kujazia magari ya maji ya kambi ya mafuta jangwani. Gari moja aliliendesha Yaarub, mwanawe Bimdogo mwenyewe, na mshahara wake ndio uliopika chungu cha nyumba ile.

Bimdogo alilia, akakataa hata chai. Mtende ukifa huko, aliwaza, mimi hapa mgeni tu.

Alhamisi jioni gari likarudi. Mtende ulikuwa nyuma, umejiegemeza kwenye tangi, makuti yote vumbi.

"Shikamoo mama," alisema Yaarub. "Nimeurudisha. Ulisimama penye bomba linalovuja. Wapishi wa kambi wakauanikia nguo, nikawagombeza."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Haikujulikana anaulizwa nani. Mtende ulishuka taratibu, ukaingia shimoni mwake. Tende zilizokuwa changa kabla haujaondoka zilikuwa zimeshaiva. Bimdogo akatia moja mdomoni, akakaa chini palepale mchangani, akacheka huku machozi yanamtoka. Alhamdulillahi! Usiku ule alilala fofofo.

Basi ikawa ndiyo desturi. Jumamosi unakwenda, Alhamisi unarudi, kama waajiriwa wengine. Bimdogo aliufunga kanga kuukuu shinani, kwa ajili ya jua la huko.

Mwaka wa pili, Jumamosi moja, alitoka kuwaaga mwanawe na mtende, akakuta mitende yote ya Marhoun imesimama kando ya barabara, nyuma ya wanaume wenye mabegi. Ndani ya falaj watoto walikuwa wanacheza mpira. Gari la maji likaja, limejaa mpaka linamwagika, na mitende ikaanza kusukumana.

"Ala! Taratibu," Bimdogo aliikemea. "Mpisheni wangu kwanza, yeye ana kazi ya zamani."