Njia Iliyopimwa Jumapili

Jumapili ile Milembe alisali misa ya kwanza, akarudi nyumbani, akaazima simu ya kaka yake ili aone saa, akaenda kuzunguka kilima peke yake. Alitoka dukani kwa Thomasi, pale Ngulyati, saa mbili kamili. Akakata mashamba ya pamba, akapanda kilima cha mawe, akashukia upande wa mbuga, akaizunguka ngitili, yale majani yanayofungiwa ili ng'ombe wapate kula kiangazi, akatokea tena dukani kwa Thomasi. Saa tano na nusu.

"Nusu siku, na chenji inabaki," akajiambia, akacheka peke yake. Akiwa peke yake Milembe alikuwa mcheshi sana.

Mbele za watu ndipo shida ilipokuwa. Na sasa kulikuwa na watumishi wa serikali wa Bariadi mjini waliotaka kutembezwa kila Jumamosi, kwa malipo. Mkubwa wao, Hemed, mtu wa Tanga, alikuwa amesema wazi: kiongozi atakayewatoa saa mbili na kuwarudisha saa sita, kazi ni yake. Milembe akiikosa, Jumatatu angepanda gari kwenda Kiloleli kwa shangazi yake, akauze dagaa. Na kuuza dagaa ni kuita watu kwa sauti kutwa nzima.

Jumamosi wageni wakaja wawili, Hemed na Stephania, muuguzi mwenye asili ya Moshi na viatu vyeupe.

"Mimi naingia zamu saa saba, mdogo wangu," alisema Stephania. "Usinifukuzishe kazi."

Dastan wa bodaboda, aliyeitaka kazi ile yeye mwenyewe, alikuwa ameegemea pikipiki yake. "Huyu ndiye kiongozi? Huyu kuku akimkazia macho anatazama chini! Mtatembea kimya kama mnakwenda kuzika."

Milembe akatazama chini. Kisha akaanza kutembea.

Hawakufika hata hatua mia mbili. Mzee Maganga alikuwa shambani kwake anapalilia pamba na mkewe. Milembe akapiga magoti kandokando ya njia, maana binti wa kule hampiti mzee akiwa wima.

"Mwangaluka, baba," akatoa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, ng'wana Mabula. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, yaani salama tu.

Mzee akauliza hali ya nyumbani. Akauliza hali ya Mabula mwenyewe, baba yake Milembe, na mvua ya upande wao, na yule ng'ombe wa madoa kama ameshazaa. Kisha akageukia wageni: wametoka wapi, huko kwao wanalima nini, wana watoto wangapi. Mkewe akawatilia karanga mbichi mikononi. Zikapita dakika kumi na mbili.

Shamba la pili, magoti. La tatu, magoti, na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Kwenye la nne Milembe alikuwa bado chini alipoelewa alichokifanya. Jumapili mashamba yalikuwa matupu kwa sababu watu wote walikuwa kanisani! Alikuwa amepima njia isiyo na watu. Leo ni Jumamosi, msimu wa palizi, na kila jembe lilikuwa na mtu wa kusalimiwa.

Kwenye shamba la tano, la bibi Mayu Justina, akajaribu kupita haraka huku akipunga mkono.

"Wee, ng'wana Mabula!" bibi akapaza sauti. "Leo umeniona kisiki?"

Akarudi. Akapiga magoti mara mbili, moja ya salamu na moja ya msamaha.

Juu ya kilima kulikuwa na upepo mzuri. Mabati ya Bariadi yaling'aa kwa mbali, na majaruba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji. Stephania alisema angeweza kulala pale pale. Hemed alitazama saa yake. "Saa tano kasoro robo," alisema. "Kiongozi, tutafika?"

Milembe alikuwa amesogea ukingoni. Alikuwa anatazama chini, upande wa mbuga. Kikundi kizima cha palizi kilikuwa kimejipanga pande zote mbili za njia, watu kama thelathini, nusu yao wazee.

Waliposhuka, udongo mweusi ukaanza kung'ang'ania viatu, na vile vyeupe vya Stephania vikawa kama mikate miwili iliyoungua. Hemed akanyoosha kidole kwenye ngitili. "Si tukate hapa katikati? Majani tu haya."

"Hapana!"

Wote wakashtuka, Milembe wa kwanza.

"Imefungwa," akasema. "Hata baba yangu hapiti." Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, akaendelea. "Afisa, wewe salimia wa kushoto. Dada Stephania, wa kulia. Mimi nachukua wazee wa mbele. Semeni mwangaluka. Wakisema mhola, jibuni mhola duhu, na miguu isisimame."

"Wakiniuliza nina ng'ombe wangapi?" aliuliza Hemed.

"Sema unatafuta."

Basi wakapita. "Mwangaluka! Mhola duhu! Natafuta!" Hemed aliita kwa sauti yake ya Tanga, na majembe yakalala chini kwa kicheko.

"Ukiwapata, walete hapa," mama mmoja akamjibu, "nina binti!"

Stephania alicheka mpaka akapoteza kiatu kimoja kwenye tope, akakirudia. Milembe alipiga magoti mbele, akainuka, akapiga tena, huku akipaza sauti nyuma: "Kushoto umemruka mmoja!"

Walipotokea dukani, Hemed alikuwa bado ana moto wa salamu. "Mwangaluka, Dastan!"

"Mwangaluka saa hizi?" Dastan alicheka. "Jua limeshapita utosini. Sasa ni mwadila!"

Hemed akatazama saa. Sita na dakika ishirini na tano. Milembe akatazama vidole vyake vya miguu vyenye tope, akaiona Kiloleli na masinia ya dagaa.

"Jumamosi ijayo," alisema Hemed, "tutoke saa moja. Yule mzee wa karanga sijamuuliza habari za wajukuu."

"Mtoke na nani?" aliuliza Dastan.

"Na huyu. Wewe ungewasalimia kwa honi." Akamtupia jicho Stephania, akamrudia Dastan. "Lakini leo washa hiyo pikipiki, muuguzi amebakiza nusu saa."

Stephania akapanda, viatu mkononi. Milembe akakohoa kidogo.

"Dastan," akasema, kwa sauti iliyowafikia wote. "Pita polepole kwa Mayu Justina. Msalimie."