Kibanda cha Minyaa Kando ya Ruzizi

Mume wangu Libérat alifariki mpunga ukiwa umeshapandwa. Tuliupanda pamoja, yeye akikohoa, katika shamba la chini, pale mto Ruzizi unapopunguza mbio kabla ya kuingia ziwani. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne.

Matanga yalipokwisha, shemeji yangu Herménégilde, mkubwa wa ukoo, alikuja akaketi uani, akanywa pombe ya ndizi, akasema nami kwa upole. Upole wake ndio ulioniumiza. Alisema shamba la mpunga linataka mikono ya mwanaume kwa sababu ya ndege. Nikivuna mimi, shamba litabaki langu na la binti yangu Consolate. Wakivuna ndege, atalitoa kwa mwingine wa ukoo, nami nirudi kwa wazazi wangu, Lemera, huko milimani.

Ndege aliowasema si wale wadogo ambao watoto huwafukuza kwa kugonga makopo. Ni mabata ya mwitu, makubwa, meusi mgongoni, yanayokuja alfajiri kutoka ziwani. Hayali mpunga tu, yanaukanyaga na kuulalia mpaka shamba linabaki kama kitanda cha mgonjwa.

Nikaenda Mulongwe kwa Octave, Mvira kwa kabila, mvuvi aliyekuwa na gobori lenye kibali cha serikali. Alikubali kunisaidia, nyama tugawane, ila kibanda cha kuotea nijenge mimi. Tena kidumu mpaka mavuno.

"Bata iko na akili," akaniambia. "Kibanda anakizoea. Ukikibadilisha kila juma, anajua mule ndani iko muntu."

Basi nikaanza kutafuta kitu cha kukifunika ambacho kingedumu. Majani ya migomba yaliraruliwa na upepo wa ziwa yakawa kama nguo ya mwendawazimu. Mafunjo yalipendeza yakiwa mabichi, lakini yalipokauka yalijikunja, na mtu akisimama nje aliona kigoda cha ndani. Nikaazima turubai kuukuu. Upepo ulipolipata likapiga makofi, mabata yakaruka hata kabla hayajatua. Mwisho nikakata matete, nikayakausha vizuri, nikayafunga kwa kamba za mgomba, safu juu ya safu. Hayo yalisimama. Nilimshukuru Mungu nikamwita Octave.

Akakizunguka kibanda, mikono nyuma, akicheka bila sauti.

"Mama Consolate, hii nyumba iko ya kuwinda ao ya kuoa?" akauliza. "Huku kote ni kijani, weye unasimamisha manjano. Hata bata kipofu atapita mbali."

Akanielekeza niyaache matete yangu ndani, kwa nje niyavike majani mabichi, niyabadilishe kila jioni ili sura ya kibanda ibaki ileile. Kwa kazi hiyo mikono yangu ilijua namna moja tu. Siku ya maandamano ya Sakramenti, sisi wanawake ndio tunaokata majani ya kutandika njiani, na hatukati majani ya ovyo. Tunashuka karibu na maji, tunachagua yale laini, matamu, ambayo ng'ombe huyakimbilia, kwa maana anayepita juu yake ni Bwana. Hayo ndiyo niliyoyakata. Kibanda kikawa kama altare ya njiani. Octave akasifu. Hakuna kati yetu aliyejiuliza ni nani mwingine anayependa majani matamu.

Mjane haketi kibandani na mwanaume mgeni, kwa hiyo Herménégilde alikuja nasi alfajiri iliyofuata, amejifunga blanketi, akilalamika juu ya magoti yake. Octave akakaa mbele penye tundu, shemeji katikati, mimi nyuma na rozari yangu.

Kwanza tulisikia pumzi. Halafu mwanga kidogo uliokuwa ukipenya kati ya matete ukazimika, ukuta mzima ukasogea kuja kwetu. Nilisikia majani yakikatwa, kwa utulivu, kama mama anavyochuma mboga. Lilikuwa kiboko likirudi mtoni kutoka malishoni. Lilikuta meza imetandikwa.

Lilikula kutoka upande wa Octave likija upande wangu. Majani yalipokwisha matete nayo yalilia, yakavunjika, na midomo ikaingia, mipana kuliko ungo, yenye ndevu nene kama vijiti vya fagio. Octave alilishusha gobori taratibu. Gobori lilikuwa na vipande vidogo vya risasi, vya kuulia ndege tu. Herménégilde alitaka kusimama. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaukandamiza, naye akatulia.

Sasa hakukuwa na kitu kati yangu nalo. Pumzi yake ilikuwa ya moto, yenye harufu ya mto na ya zizi la ng'ombe. Jicho lilikuwa dogo, lenye maji, nalo lilinitazama. Hofu ilikuwapo, lakini ilikaa mbali kidogo, kama mtoto aliyeambiwa anyamaze. Nyuma ya mgongo ule jua lilikuwa linatoka juu ya milima ya Urundi, na matone ya maji kwenye ngozi yake yakawaka moja baada ya jingine. Nilikuwa katikati ya Salamu Maria nikasahau iliyobaki. Nilijiona mdogo, na udogo ule haukuniuma. Aliyeliumba hili, nikawaza, hakuchoka.

Likatikisa masikio, likageuka, likateremka. Mto ulifunguka ukajifunga.

Tukatoka kupitia ukuta uliobomoka.

"Umemupikia vizuri," Octave akasema.

Herménégilde hakucheka. Njiani alisema shamba lile si la mwanamke, wala si la mwanaume, ni la yule tuliyemwona, na kwamba angezungumza na ukoo Jumapili. Nikamwomba anisubiri mpaka Jumapili hiyo ipite. Akanitazama, akatazama mkono wake, akakubali.

Jioni nilikuwa langoni nikiingiza ng'ombe. Ng'ombe wangu ni wezi, hula hata nguo zilizoanikwa. Lakini walipita wakigusana na minyaa ya rugo, ule ua wetu ambao Libérat aliupanda kwa mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyeunusa. Mnyaa ni kijani mwaka mzima. Ukikatwa haunyauki upesi. Na maziwa yake huchoma, kila mdomo unajua.

Nikakata matawi, kitambaa kimenifunika uso ili utomvu usiniingie machoni. Nikayachomeka ardhini kukizunguka kibanda, nikayafunga kwenye matete yaliyosalia. Octave alipoviona vidole vyangu vilivyochomwa na utomvu, akakata mengine.

Jumatatu mabata yalitua karibu sana. Octave akafyatua, kundi likapaa lote pamoja, na baada ya asubuhi chache kama hiyo likahamia mabwawa ya mbali. Kiboko nalo lilipita tena. Sote watatu tulilisikia likivuta harufu, likapuliza, likaenda zake. Herménégilde akafanya ishara ya msalaba gizani mle.

Mpunga ukaiva nikauvuna. Shemeji akaja kunisaidia kubomoa kibanda. Matete yalitoka kirahisi. Akashika tawi la mnyaa, akavuta, halikutoka. Akainama. Lilikuwa limeota mizizi, na kwenye ncha kulikuwa na vidole vipya vya kijani. Akajaribu la pili. Yote yalikuwa yameshika.

Kwetu, mnyaa ulioota haung'olewi na asiyeupanda. Penye mnyaa ndipo penye mwenyewe. Akapangusa mikono kwa majani.

"Rugo la Libérat limefika mpaka huku," akasema. "Mama Consolate, msimu ujao uniite mapema. Magoti yangu hayapendi kuamshwa ghafla."

Akabeba gunia la kwanza akatangulia. Mimi nilibaki kidogo. Katikati ya mto kulikuwa na masikio mawili, yakitikisika.